Gary Kildall na siku moja ya mwaka 1980

Kila anayefungua kompyuta yenye Windows hukuta diski yake imepewa herufi C. Si A, wala si B. Katika sekretaria za Kalemie, zile nyumba ndogo ambako wanafunzi hupigisha TFC zao, nimesikia maelezo mengi juu ya herufi hiyo: kwamba ni herufi ya kwanza ya neno kompyuta kwa Kiingereza, kwamba ni alama ya kiwanda, kwamba A na B zimefichwa ili mteja asiharibu mashine. Ukweli ni kwamba A na B zilikuwa za diski laini, zile flopi ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzishika mkononi. Diski ngumu ilipokuja baadaye ilipewa nafasi ya tatu. Flopi zimekufa, viti vyao vimebaki wazi, na C hajasogea. Mtu aliyeuleta mpangilio huo kwenye kompyuta ndogo ni Gary Kildall, Mmarekani aliyefariki mwaka 1994.

Wanaomkumbuka humkumbuka kwa kisa kimoja. Husimuliwa kwamba mwaka 1980 wajumbe wa kampuni ya IBM walikwenda kwake wakitaka kununua mfumo endeshi wake. Yeye siku hiyo alikuwa angani akijiburudisha kwa ndege yake ndogo. Wajumbe wakachukia, wakaenda kwa Bill Gates, na Gates akawa tajiri kuliko watu wote duniani. Kisa ni kitamu, tena kina funzo la haraka, ndiyo maana kimesambaa. Mimi nakitilia shaka. Si kwamba kila jambo ndani yake ni uongo, ila kimemeza miaka 52 ya mtu. Mbele nitaeleza kwa nini mzaliwa wa Niemba hawezi kukisikia kisa cha namna hiyo akanyamaza.

Gary Arlen Kildall alizaliwa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, tarehe 19 Mei 1942. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa bahari. Walikuwa na shule yao wenyewe ya kufundisha unahodha, na Gary alifundisha humo akiwa bado kijana. Alipoingia Chuo Kikuu cha Washington alikusudia kuwa mwalimu wa hesabu. Huko akakutana na kompyuta, na hesabu ikawa kwake njia ya kufikia kitu kingine. Mwaka 1963 alimwoa Dorothy McEwen, ambaye jina lake litarudi, maana bila yeye habari hii haielezeki. Ulikuwa wakati wa vita vya Vietnam na kijana hakuweza kulikwepa jeshi. Jeshi la wanamaji likamweka kufundisha katika chuo chake cha Monterey, pwani ya California. Shahada ya udaktari aliipata Washington mwaka 1972. Nadhani ualimu haukumtoka hata alipokuwa na fedha nyingi: alipenda kitu kieleweke kuliko kiuzwe, na tabia hiyo itamgharimu.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitangaza chipu yake ya 4004. Wengi wa wataalamu wa wakati ule waliidharau, kwani kompyuta machoni mwao ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, na kichipu kile kilifaa vikokotoo tu. Kildall alikitafuta, akaanza kukiandikia programu za hesabu za pembe, zile ambazo nahodha huzihitaji ili ajue alipo baharini. Kazi hiyo ilimfungulia mlango wa Intel, akawa anakwenda huko kama mshauri, akiendelea kufundisha wanamaji. Kwa Intel aliunda PL/M, lugha ya kwanza ya ngazi ya juu kwa chipu za aina hiyo. Kabla yake, aliyetaka kusema na chipu alilazimika kusema kichipu chenyewe, amri moja moja, namba baada ya namba.

Lakini lugha bila daftari haifiki mbali. Programu zilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na kuisoma programu ndefu kulikuwa kazi ya kuchosha. Kildall alipata mashine ya kusomea flopi kutoka kampuni ya Shugart, akashindwa kuiunganisha na kompyuta yake. Ilikaa tu, pambo la ofisi, hadi rafiki yake John Torode alipomtengenezea saketi ya kuiongoza. Mwaka 1974, nyumbani kwake Pacific Grove, mji mdogo jirani na Monterey, diski ilizunguka, ikaulizwa, ikajibu. Programu iliyouliza swali ilikuwa CP/M. Aliwaonyesha Intel, nao hawakuona faida yake. Walichokitaka ni PL/M. Basi yeye na Dorothy wakaanzisha kampuni yao hapo hapo nyumbani, wakaiita Intergalactic Digital Research, jina la utani wa vijana, kana kwamba wateja wangetoka nyota za mbali. Baadaye neno la kwanza liliondolewa. CP/M iliuzwa kwa posta, dola 70 nakala moja.

Hapa inafaa nieleze mfumo endeshi ni kitu gani, maana kwetu wengi huuchanganya na kompyuta yenyewe. Ni programu inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Wewe ukiandika barua, programu ya barua haijui diski inazungukaje wala herufi inafikaje kwenye kioo. Inaomba, na mfumo endeshi unatekeleza. Miaka ile ya 1970 kila kiwanda kilikuwa na mashine yake yenye tabia zake, na aliyeandika programu kwa mashine ya kiwanda hiki alilazimika kuiandika upya kwa mashine ya kiwanda kile. Kildall naye alianza hivyo hivyo, akiirekebisha CP/M kwa kila mteja mpya, mpaka alipochoka. Ndipo akaugawa mfumo wake sehemu mbili. Sehemu kubwa haikugusa mashine kabisa, ikawa ileile kila mahali. Sehemu ndogo tu, aliyoiita BIOS, ndiyo iliyojua desturi za mashine fulani, na hiyo kiwanda chenyewe kingeweza kuiandika.

Sisi wa kitivo cha lugha hatuhitaji mfano wa mbali ili kuelewa jambo hili. Kuanzia ziwani kwenda magharibi, Waholoholo wana lugha yao, Watabwa yao, Baluba yao. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake aiache. Kiswahili kilikaa katikati, na kila mtu akakifikia kwa mlango wa nyumbani kwake, kwa lafudhi yake. CP/M ilikuwa Kiswahili cha mashine, na BIOS ndiyo lafudhi. Inasemekana kufikia mwaka 1981 mfumo huo ulikuwa ukifanya kazi kwenye aina zipatazo 3,000 za kompyuta. Mtu angeweza sasa kuandika programu moja na kuiuza kwa wenye mashine ambazo hajawahi kuziona. Biashara ya programu tunayoijua leo, ya kununua programu huku na mashine kule, ilipata uwanja wake hapo. Ukiniuliza Kildall alifanya nini maishani, nitajibu hilo kwanza, na ndege itasubiri.

Juu ya fedha, yeye na Dorothy walijifunza njiani. Kampuni ya GNAT ililipa dola 90 kwa ruhusa ya kuitumia CP/M kwenye bidhaa zake bila kikomo. Haukupita muda mrefu, kampuni ya IMSAI ikalipa dola 25,000 kwa ruhusa kama hiyo. Dorothy ndiye aliyeshika mikataba na wateja. Hili lazima likumbukwe tunapofika kwenye siku yenyewe.

IBM, kampuni kubwa kupita zote za kompyuta, iliamua kutengeneza kompyuta ndogo, tena kwa haraka na kwa siri. Walikwenda kwanza kwa Bill Gates wa Microsoft, ambaye kazi yake wakati ule ilikuwa lugha za programu; yeye mwenyewe aliwaelekeza kwa Kildall. Wajumbe walipofika Pacific Grove, Kildall alikuwa amerusha ndege kwenda eneo la Oakland kwa mteja wake Bill Godbout, kupeleka karatasi za kazi. Safari ilikuwa ya kikazi. Mikutano ya namna ile ilikuwa ya Dorothy, na Dorothy alikuwepo. IBM walimwekea mkononi mkataba wa siri ulioelemea upande wao: wao wangeweza kutumia watakachosikia, yeye asingeweza hata kusema kwamba walifika. Akamwita mwanasheria wa kampuni, na hakutia sahihi. Nani kati yetu angemlaumu? Aliyesaini karatasi asiyoielewa ndiye tunayemwita mjinga. Kuhusu mchana wa siku hiyo mashahidi hawakubaliani. Kildall alishikilia kwamba alirudi, akakutana na wajumbe, wakazungumza. Mkuu wa ujumbe alisema hakumbuki kumwona. Lililo wazi ni kwamba makubaliano hayakupatikana, na IBM wakarudi kwa Gates.

Microsoft haikuwa na mfumo endeshi wa kuwauzia. Lakini palikuwa na kampuni ndogo Seattle, mji uleule alikozaliwa Kildall, ambako fundi Tim Paterson, akiwa amechoka kuingojea CP/M ya chipu mpya za Intel, alikuwa ameandika mfumo wake. Aliuandika akifuata kitabu cha maelekezo cha CP/M, ili programu za CP/M zihamishwe kwake bila taabu. Microsoft iliupata kwa jumla ya dola 75,000, na ndio uliotoka pamoja na kompyuta ya IBM tarehe 12 Agosti 1981. Kildall alipouchunguza aliona sura ya mtoto wake. Alifikiria kushtaki, sheria ya hakimiliki ya programu wakati ule ilikuwa changa, nao IBM wakampoza kwa kukubali kuuza CP/M kando ya mfumo ule mwingine. Zilipowekwa dukani, mfumo wa Microsoft uligharimu dola 40, wa Kildall dola 240. Mteja wa Chicago alifanya ambalo mteja wa Kalemie angefanya.

Msomaji ataona kwamba hata tukikubali safari ya ndege, sababu ziko nyingi: mkataba mbaya, mfumo mpya uliochelewa, bei, sheria isiyokomaa, na Kildall ambaye hakupenda umeneja. Kuchelewa lilikuwa kosa lake, na sina haja ya kumtetea kwalo. Lakini sababu tano hazisimuliki kwenye meza ya pombe, ndege inasimulika.

Nami ni mzaliwa wa Niemba. Ukiitafuta Niemba katika vitabu vya nje utaikuta imekaa ndani ya tarehe moja, 8 Novemba 1960. Katanga ilikuwa imejitenga, Baluba wa kaskazini wakipigana na askari wa Tshombe, na doria ya wanajeshi 11 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, ilishambuliwa kwenye daraja la mto Luweyeye. Tisa walikufa. Ireland iliwazika kwa heshima kubwa, huwakumbuka mpaka leo, na ni haki yao. Lakini kuna jambo la kilugha ambalo kitivo chetu kinapaswa kulijua: jina la Baluba liliingia katika Kiingereza cha mitaani cha Ireland likawa tusi, neno la kumwita mtu mshenzi. Watu waliolima, waliopanda treni ya Kalemie na Kabalo kwenda kuuza mihogo, waliooana, waliozika wazazi wao, wamefungiwa wote kwenye siku moja darajani. Wa kwetu waliokufa siku hiyohiyo hawana jiwe ninalolijua. Sisemi kwamba vifo vya watu na biashara iliyoponyoka ni mambo ya uzito mmoja; hapana. Nasema namna ya kusimulia ni moja: unachukua siku, unaitia jina la mtu au la watu, kisha humhitaji tena mtu mwenyewe.

Wapo wanaomtetea Kildall kwa kusema aliibiwa, basi. Utetezi huo nao unanitatiza. Yeye mwenyewe alikopa. Herufi za diski alikuwa ameziona kwenye mfumo wa kompyuta kubwa za hao hao IBM. Amri kama DIR, ya kuorodhesha faili, zilifanana na za kompyuta za kampuni ya DEC. Paterson alikopa kwake, Microsoft ikanunua kwa Paterson. Meza tuliipata kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu, shule kwa Wajerumani, na hakuna anayekuja kutudai. Lugha haziishi bila kukopa, na pengine mifumo endeshi nayo haiishi. Ila sisi tuna somo la asili ya maneno, na katika somo hilo mwanafunzi anayeandika kwamba kitabu ni neno lisilo na chimbuko hapati alama. Kildall alisema waziwazi alichokopa na wapi. Katika habari za biashara ya kompyuta mara nyingi chimbuko hufutwa pamoja na jina la aliyeshindwa, na mnunuzi wa mwisho ndiye huitwa mvumbuzi.

Athari zake ni rahisi kuzipima. Jaribu leo, kwenye kompyuta yenye Windows, kuliita folda kwa jina CON. Itakataa. Mwanafunzi anayetaka kufupisha jina la Congo kwa herufi tatu atadhani mashine ina neno na nchi yetu. Kumbe CON lilikuwa jina la kibodi na kioo katika CP/M, likahamia kwenye mfumo wa Paterson, na wajukuu wake wote wamelilinda bila kuulizwa.

Baada ya 1981 Kildall hakukaa kulia. Alianza mapema kuona kwamba diski za CD zingebeba maandishi, na mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilitoa ensaiklopidia ya Grolier kwenye CD, kabla watu wengi hawajajua CD ni ya kitu gani zaidi ya muziki. Digital Research ilitoa GEM, mfumo wa madirisha na picha uliotumika kwenye kompyuta za Atari ST. Apple ililalamika kwamba umefanana mno na wake, ukabidi ubadilishwe. Miaka kadhaa alikuwa mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni Computer Chronicles pamoja na Stewart Cheifet, akiwahoji watengenezaji wa programu kwa utulivu, wakiwemo waliomshinda. Mwaka 1988 kampuni yake ilitoa DR DOS, iliyoshindana uso kwa uso na Microsoft. Windows 3.1 ilipokuwa katika majaribio iliwekewa kipande cha programu kilichoonyesha onyo la kosa kwa anayetumia DR DOS. Kesi iliyohusu mambo hayo ilifunguliwa mwaka 1996, Kildall akiwa kaburini, na ikamalizwa kwa malipo mwaka 2000. Kampuni yenyewe alikuwa ameiuzia Novell mwaka 1991. Hakuwa maskini. Alikuwa na magari, ndege, nyumba nzuri. Ndoa yake na Dorothy ilikuwa imevunjika miaka ya 1980, na alioa tena.

Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Washington kilisherehekea miaka 25 ya idara yake ya kompyuta. Kildall, mmoja wa madaktari wake wa mwanzo, alialikwa akae na wasikilizaji. Hotuba kuu alipewa Bill Gates, ambaye hakusoma hapo wala hakumaliza chuo alichokianza, ila alikuwa mfadhili. Katika maisha yake yote ni tukio hili linaloniuma kuliko la IBM. Biashara ni biashara, anayeshinda huchukua. Chuo ni mahali pa kuhifadhi nani alifanya nini. Aliporudi nyumbani alianza kuandika kumbukumbu za maisha yake.

Hakuzichapisha. Alitoa nakala chache kwa jamaa na marafiki. Miaka yake ya mwisho pombe ilikuwa imemshika. Tarehe 8 Julai 1994 alijeruhiwa kichwani katika baa moja mjini Monterey, na tarehe 11 akafariki, na jinsi alivyojeruhiwa haijaelezwa ikaeleweka. Alizikwa Seattle. Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliweka bamba la kumbukumbu Pacific Grove, mbele ya jengo lililokuwa ofisi ya kampuni yake. Linataja CP/M, BIOS na mwaka 1974. Mwaka 2016, kwa idhini ya watoto wake wawili, Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta la California lilitoa sehemu ya kwanza ya kumbukumbu zake, bure kwa yeyote anayetaka kuisoma. Sehemu iliyobaki, ya miaka ya uchungu na ulevi, watoto waliona haimwonyeshi baba yao alivyokuwa, wakabaki nayo.